Kawa la Sumayah

"Usifumbe, mama. Angalia sikio yangu tu."

Zuhurah akaliangalia sikio la Jolie, au tuseme masikio matatu ya Jolie, yaliyoelea hewani kama vipande vya papai. Kidole kikasogea, kikagusa. Jicho likawaka moto, machozi yakamtiririka hadi shingoni, na nyuma ya machozi ukatanda ukungu mzito kuliko ule aliokuja nao.

"Naona maziwa," akasema.

Jolie akaitoa lenzi, akainusa. Alikuwa binti wa wafanyabiashara waliohamia Arua kutoka Kongo, na katika kliniki hii ndogo ya macho, upande wa Ombaci, kazi yake ilikuwa kuwapima watu lenzi za kuvaa jichoni.

"Mama, umepaka nini kwa uso?"

"Dilka kidogo."

"Kidogo? Lenzi iko nukia kama bibi harusi!"

Zuhurah akaona haya. Mwanamke wa Kinubi haondoki Koboko kwenda kwa mgeni bila kujisugua manukato, na kwa kuwa safari hii ilikuwa ya kuyaokoa macho, yeye alijisugua mara mbili. Alinawa kwa sabuni mpaka uso ukakauka, akarudi kitini kama mtoto aliyekaripiwa.

Jolie akamchorea kwenye karatasi. Jicho la watu, alisema, limeviringana vizuri mbele. La Zuhurah lilikuwa likichongoka mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana miwani yote aliyojaribu haikumfaa.

"Kama kawa," akasema Zuhurah.

"Kawa ni nini?"

"Kile kifuniko ya chakula. Mimi nasuka hiyo." Akacheka peke yake. "Kumbe nimesuka mpaka ndani ya jicho."

Alicheka, lakini moyoni hakukuwa na kicheko. Mtu mwenye macho ya namna ile hupewa vitu vya bure: wenzake wana mwezi mmoja, yeye ana saba. Taa za Koboko zilimwotea manyoya. Mbuzi walipita uani na vivuli vyao vikiwafuata kwa kuchelewa, kama roho zilizosahaulika nyuma. Kuna jioni aliupenda ulimwengu ule wa ndoto, akakaa tu mlangoni akiutazama. Ila sindano haisuki ndoto. Nyekundu ilikuwa imeanza kuimeza zambarau, na mwezi huu alikuwa na kawa la Sumayah mikononi.

Sumayah alikuwa binti wa Rabia, na Rabia alikuwa mke mwenza wake. Siku ya harusi kawa lingefunika sinia la kupelekwa kwa bwana harusi, na kabla ya kulifunua, wanawake wa huko wangeligeuza-geuza mshono kwa mshono. Mshono mmoja ukipotoka, ungesimuliwa mpaka Omugo. Rabia mwenyewe hasuki. Ana mashoto, na marehemu mama mkwe wao, Medina, alikuwa amekata neno: chakula hakifunikwi kwa kazi ya mkono wa kushoto. Kwa hiyo sifa yote ya kusuka nyumbani mwa mume wao, Asuman, ilikuwa ya Zuhurah, na hakuwa na sifa nyingine.

Na kuna jambo hakulisema kwa mtu. Kila asubuhi alikuta kazi yake imeguswa. Sindano aliyoichomeka kulia aliikuta kushoto, na miyaa ya kusukia aliyoipanga ilikuwa imepungua. Nani mwingine, kama si Rabia? Anataka niaibike, aliwaza, hata kwa harusi ya mtoto wake mwenyewe. Wivu hauna macho. Alimchukia kwa hilo, kimya kimya, huku wakisalimiana vizuri.

"Sasa chagua," Jolie akasema. "Hii laini haitakusumbua, lakini kwa jicho yako haitaonyesha sana. Hii ngumu itakuliza wiki mbili. Halafu utaona."

"Nipe ya kuliza."

Jolie akatia rangi jichoni, akazima taa, akawasha mwanga wa buluu. Lenzi ya kwanza ilikwaruza ncha ya jicho. Ya pili ilifungia kipovu cha hewa. Ya tatu ikatulia, na Jolie akavuta pumzi akisema imeelea, rangi imekaa kijani kotekote. Zuhurah alijihisi yuko chini ya maji mahali asipowahi kufika. Taa ilipowashwa, ukutani kulikuwa na kalenda, na kalenda ilikuwa na tarehe.

Lenzi zake zililetwa kutoka Kampala baada ya wiki tatu. Akafundishwa kuzivaa na kuzitoa, asizioshe kwa maji ya bomba, asilale nazo, na dilka ikae mbali na vidole.

Siku kumi na mbili kabla ya harusi, asubuhi, alizivaa nyumbani akilia kama mkata vitunguu. Kisha akatoka uani. Mwarobaini ulikuwa na majani, moja moja, na kila jani lilikuwa na meno. Mbuzi alikuwa mbuzi mmoja tu, na Zuhurah akahuzunika kidogo kwa ajili ya ile roho yake.

Akakaa mkekani, akalichukua kawa la Sumayah, akaligeuza kwenye jua.

Mishono yake ililala kulia, kama alivyofundishwa na Medina. Lakini kila palipopindwa kona, kila nyekundu ilipokutana na zambarau, palikuwa na mishono mingine, midogo, iliyokazwa sana, iliyolala kushoto. Mitatu hapa. Saba kule. Akafuata mzunguko kwa kidole mpaka chini. Mtu alifumua makosa yake yote, moja moja, akayasuka upya, na hakusema kitu.

Mkono wa kushoto. Zuhurah akaona aibu iliyomchoma kuliko lenzi.

Rabia akatokea jikoni na ndoo. Alikuwa amezeeka, lini alipata mvi zile? Alipoliona kawa juani alisimama ghafla.

"Mama Muzamili," akasema polepole, akimwita Zuhurah kwa jina la mwanawe. "Macho sasa iko ona?"

"Naona, Mama Fadhul."

Rabia akaweka ndoo chini. Mkono wake wa kushoto ukajificha taratibu ndani ya gurbaba, nguo aliyojitanda, kama mtoto anayejua kosa lake. "Nilitaka tu watu wasiseme vibaya juu yako," akasema. "Na mtoto ni wangu."

Zuhurah akaliweka kawa mkekani. Akasogea kulia, akaacha nafasi upande wa pili wa mkeka. Akatunga mwaa mwekundu sindanoni, akanyoosha sindano kuelekea gurbaba ile.

"Hapa nje? Watu wataona."

"Waone."

Ng'ombe wa jirani akalia. Rabia akaketi. Mkono ukatoka kwenye nguo kidogo kidogo, na chini ya kucha zake kulikuwa na wekundu wa rangi ya miyaa, wekundu wa siku nyingi.