Zafarani na Msumari

Kila ulipokaribia mwezi wa Maulidi, Bi Tabu alipaka chokaa nyumba nzima, kuanzia barazani hadi uani, akabakiza kiraka kimoja nyuma ya mlango wa chumba cha uani. Kiraka hicho kilikuwa kimeshageuka rangi ya moshi, na pembezoni mwake chokaa za miaka iliyopita zilikuwa zimepandana zikafanya ukingo. Wageni waliokiona walidhani chokaa ilimwishia. Mumewe, Maalim Mwinshehe, aliijua sababu, na ndiyo maana hakupenda kupatazama.

Katikati ya kiraka, kwa ncha ya msumari, palikuwa pamekwaruzwa jina la mtoto wao wa pekee, Mwinjuma. Lilikuwa kwa herufi za Kiarabu, tena mbaya hasa. Kichwa cha herufi ya kwanza, mim, kilivimba kama embe, na zilizofuata ziliteremka kana kwamba zimejikwaa. Na huyo ndiye mtoto wa mtu ambaye kuanzia Temeke mpaka Mbagala hakuwa na mpinzani kwa uzuri wa khati yake ya mkono! Maalim Mwinshehe alikuwa mwandishi wa kombe. Aliandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha maji ya waridi yakamiminwa, maandishi yakayeyuka, mgonjwa au msafiri akanywa. Wenzake waliandika harakaharaka, maana kitu cha kufutwa kina haja gani ya kurembwa? Yeye alichonga kalamu yake ya tete, akashusha pumzi, akaandika kana kwamba sahani ile itakaa milele. Watu waliona uchungu kuitia maji.

Asubuhi Mwinjuma alipoondoka na askari wenzake kwenda vitani Burma, baba yake alimwandikia kombe zuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Kijana akalinywa lote, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Maalim akatoka uani kusuuza sahani. Aliporudi alimkuta mwanawe nyuma ya mlango, msumari mkononi.

"Punguani wewe! Ukuta juzi tu umepakwa chokaa. Na hiyo ndiyo khati niliyokufundisha?"

"Baba nawe," Mwinjuma akacheka. "Mie naacha alama yangu tu."

Maalim alipandwa na hasira, akaenda zake msikitini bila kumwombea dua wala kumsindikiza. Kijana hakurudi. Zilikuja habari kwamba amefia hukohuko, basi. Lile kombe zuri lilikwenda naye tumboni, na kilichobaki nyumbani ni mikwaruzo.

Sasa masika ya mwaka huu yalikuwa yameula ukuta kwa chini. Udongo ulimeguka, fito zikaonekana, na fundi Shomari akasema kinagaubaga kwamba ukuta usipobomolewa utamwangukia mtu. Bi Tabu aliposikia hayo alitandika mkeka nyuma ya mlango, akaketi, akagoma.

"Na waubomoe na mie humuhumu," alisema. "Maalim, wewe unalijua kaburi la mwanao liliko? Basi langu mie ni hili."

Zamani Maalim angemjibu kwa majigambo kwamba atamwandikia jina hilo upya, tena vizuri. Lakini tangu mwaka uliopita mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Watu walikuwa wameacha kuleta sahani, kwa adabu, kila mmoja na kisingizio chake, na yeye alikuwa ameichomeka kalamu juu kwenye makuti asiione. Aliona aibu. Aliulilia mkono wake kama watu wanavyolilia maiti, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Alitoka akaketi barazani. Jioni ile mpangaji wao wa chumba cha mbele, Mwalimu Revelian, alirudi kutoka shuleni. Alikuwa Mhaya aliyewahi kusomea upadri kabla hajahamia kwenye chaki.

"Shikamoo, Maalim. Mbona umejiinamia hivyo?"

"Marahaba. Mke wangu ananigomea kwa ajili ya mikwaruzo ya ukutani."

Akamsimulia yote. Revelian alisikiliza mpaka mwisho.

"Wazungu wana majina mawili, Maalim. Khati kama yako wanaiita kaligrafi. Ni Kiyunani, maana yake mwandiko mzuri. Ya ukutani wanaiita grafiti, neno la Kitaliano, yaani mikwaruzo. Kuna miji ya Warumi imefukuliwa, kuta zimejaa majina ya watu tu."

"Waona? Hata wao wametenga."

"Wametenga baadaye. Seminarini tulifundishwa kwamba yote mawili yana mzizi mmoja. Kwa Wayunani wa kale, kuandika kulianza kwa kukwaruza."

Maalim alitaka kubisha. Kisha akakumbuka kwamba khati yenyewe, neno alilojivika maisha yake yote kama kilemba, kwa Waarabu asili yake ni mstari tu, hata ule mtu anaouburuta kwa kidole mchangani. Na mchanga ukamkumbusha siku alipomfundisha Mwinjuma mim yake ya kwanza, hapo uani, kabla ya karatasi na wino. Mtoto alichora kichwa kama embe, akacheka, na baba akacheka naye. Hilo alikuwa amelisahau kabisa. Roho ilimuuma, akaingia ndani.

Alikaa kwenye mkeka kando ya mkewe.

"Mama Mwinjuma, mwache fundi afanye kazi. Nitamrudisha mahali pake."

Bi Tabu akamtazama. "Kwa mkono upi?" akauliza taratibu. Kumbe alikuwa anajua.

"Huuhuu."

Fundi Shomari alibomoa, akafunga fito mpya, akakandika. Udongo ungali mbichi, Maalim alisimama nyuma ya mlango, bila kalamu ya tete, akaomba msumari. Kwa mazoea alijaribu kuutuliza mkono, nao ukakataa. Akauacha. Kichwa cha mim kikavimba, herufi zikateremka zikijikwaa. Alipomaliza hakuthubutu kugeuka.

Bi Tabu alisogea, akaingiza kidole kwenye mfuo ule wenye unyevu, akaufuata hadi mwisho.

"Ndiye," alisema.

Maalim akainua mikono yote miwili, mmoja ukitetemeka, akaanza dua ya msafiri. Bi Tabu akaitikia amina.