Ua la Marehemu Hasmukh

Kamla aliwatambia watu wa Mtaa wa Sikukuu kwa jambo moja tu: marehemu mumewe Hasmukh, muuza vitenge, alikuwa na ua lake. Si la bustanini. La Mlima Kilimanjaro, dogo, jeupe, lile lisilonyauka hata likichumwa. Aliliona siku alipomsindikiza binti yao Zarna, mtaalamu wa mimea, na Zarna akalipa jina la baba yake katika vitabu vya dunia nzima.

"Ua la kwetu Uchagani limekuwaje la Mhindi?" Theopista, jirani wa duka la pili, hakuchoka kumchokoza. Yeye siku hizi aliuza maua ya plastiki, maana biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa na makontena yalimwagika Kariakoo kama hayana mwenyewe.

Adhuhuri moja, wakiwa dukani kwa Kamla, Zarna aliingia uso umemshuka. Akamwamkia Theopista shikamoo ya chinichini, akaketi juu ya robota la vitenge.

"Mama, wataalamu wameivunja jenasi yetu, ule ukoo wa maua. Ua la baba limetolewa."

Kamla aliacha kukunja vitenge. Kumzika mume mara moja kulimtosha. Sasa wasomi wa ng'ambo wanamfuta kabisa, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa naye chai! Hasira zikampanda, machozi nayo hayakungoja.

"Amewakosea nini baba yako, hata walifute jina lake?"

Zarna akashangaa. Yeye alikuwa akililia jina la kwanza la ua lile, Helichrysum, jina la ukoo mzima alioupigania miaka yote. Majani na mbegu zimepimwa upya, akaeleza, ikaonekana ua lile ni la ukoo mwingine. Jina la pili, lile la baba, linahama na ua lake, isipokuwa likikuta huko yupo mwenye jina hilohilo.

"Na huko yuko Hasmukh mwingine?" Kamla aliuliza.

"Hayupo, mama."

"Mtoto huyu ataniua!" Akamchapa kwa kipande cha kitenge, akacheka huku analia. Moyo ulimtua.

"Sasa kilio cha nini?" Theopista akasema. "Mimi nilipoolewa nilihamia ukoo mwingine. Niliacha kuwa Theopista?"

Kamla akafuta macho, akamgeukia Theopista.

"Mama Godbless, humjui Hasmukh wangu. Ndugu zake wote walihamia Uingereza, yeye aligoma hata kuhamia Upanga, hapo jirani tu. Leo wamemhamisha bila kumuuliza. Angekuwepo, angewagombeza mpaka wamrudishe."