Kibao Kilichogeuzwa

Siku ya mwisho ya uwanja wa mbio za magari wa Hinokidaira nilifika saa moja asubuhi, gari likiwa limevaa matairi mapya.

Kwenye ukuta wa ofisi ya uwanja kuna ubao wenye vibao vidogo vya mbao. Kila kibao kina jina la mtu aliyezunguka uwanja ule kwa chini ya sekunde arobaini na tano, kwa matairi ya barabarani. Cha mume wangu, Takemoto Genzo, ni cha tatu kutoka juu: 44.87. Changu nacho kipo. Bi Yabuki, mwenye uwanja, alikiandika miaka minne iliyopita akidhani nitaufikia muda huo mwezi uliofuata, akakitundika kikiwa kimegeuzwa uso. Muda wangu bora ulikuwa 45.31, na haukuwahi kusogea. Jioni ile ubao ungeshushwa, kila mtu achukue kibao chake aende nacho nyumbani. Mwakani juu ya lami ile zitasimama paneli za umeme wa jua.

Gari ni lile lile la Genzo, dogo, viti viwili, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Presha ya macho ilipomwondoa kwenye usukani, nilijifundisha kwa daftari lake la vipimo vya gari. Lakini matairi aliyoyapenda hayatengenezwi tena, na seti yetu ya mwisho ilibaki kipara kiangazi kile. Haya mapya yana mpira laini zaidi. Kila mtu aliniambia yatanipunguzia sekunde nzima bila jasho.

Tulikuwa na vipindi vitatu vya dakika kumi na tano. Cha kwanza kilinipa 46.02. Kwenye kona ya tatu nyuma ilichomoka, nikazunguka nikasimama nikitazama nilikotoka.

"Shemeji," alisema Ogata nilipoegesha. Ni daktari wa meno, rafiki wa Genzo tangu ujana. "Nimekuona pale kona ya tatu umegeuka. Umesahau kitu?"

"Nilikuwa naangalia kama unanifuata."

"Nikufuate wapi? Nilishakupita."

Genzo alikuja taratibu akishika uzio. Siku za gari husimama pale kona ya tatu. Magari hayaoni vizuri, ila anayasikia.

"Mama Chizuru, unayaogopa hayo matairi," alisema. "Hayajalia hata mara moja. Yale ya zamani pale yangekuwa yanaimba."

Mimi pia nilikuwa nimejifunza kwa sikio. Yale ya zamani, ya mbele yalianza kulia mapema, pua ikakataa kugeuka, nami nikajua nimefika mwisho. Sasa nilikuwa naingia kona nikisubiri kilio. Kilio hakikuja, nikaongeza mwendo, na nyuma ikaondoka bila kuaga.

Sikumbishia. Nilipiga magoti nikapima upepo matairi yakiwa bado moto. Nilikuwa nimejaza kama daftari linavyosema, lakini ya nyuma yalikuwa yamepanda kupita kile daftari linachotaka. Nikayapunguza hayo tu, kingine sikugusa. Nikibadilisha mambo mawili kwa pamoja, sijui lipi la kulishukuru.

Kipindi cha pili, 45.40. Nyuma iliendelea kuchomoka, ila ilichelewa kidogo.

Mchana tulikula matonge ya wali na achari ya plamu tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi. Niliandika: mbele inashika kuliko nyuma. Nikaitazama sentensi ile muda mrefu.

"Yale ya zamani yamo kwenye gari la Ogata," alisema Genzo. "Nilimwomba ayabebe."

"Vipara vile?"

"Angalau unavijua."

Ni kweli nilivijua. Vingenipa 45.3, kama miaka minne yote. Kibao kingeshuka ukutani kikiwa kimegeuzwa, na tungekiweka kwenye droo.

"Nipe spana ya kumi na nne," nikasema.

Alijua spana ile ni ya nini. Chini ya gari, nyuma, kuna nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Mwishoni ina matundu mawili: la ndani huifanya ngumu, la nje huilegeza. Genzo aliifunga kwenye tundu la ndani.

"Ilinichukua miezi minane kulipata tundu lile."

"Najua, Baba Chizuru. Umeziandika siku zote hizo daftarini. Lakini ulilitafutia matairi yale. Mbele ilikuwa haitaki kugeuka, ukaikaza nyuma ili isukume kidogo, gari ligeuke. Hii mbele ya sasa inageuka yenyewe. Tunaisaidia mpaka tunaiangusha."

"Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimekosea kwa akili yangu. Spana."

Alipapasa kwenye sanduku, akaipata, akaifuta kwenye suruali. Kisha akapiga magoti upande wa pili wa gari. "Huku nafungua mimi. Kazi hii haitaki macho."

Kipindi cha mwisho kilianza nondo ikiwa kwenye tundu la nje na mawingu yakiwa yameshuka mlimani. Nilipasha matairi mizunguko miwili. Kona ya tatu nilipiga breki, nikageuza, na gari likalala upande kuliko nilivyozoea. Nikadhani nimeliharibu. Mikono ilitaka kungoja kilio. Nikaacha kusikiliza, nikawa nafuata kiti kinavyonisukuma kiunoni. Nyuma ilitulia. Nikakanyaga mafuta mapema, kisha mapema zaidi. Hakuna kilicholia. Nilijiona kama naenda dukani.

Saa ya dashibodi ikaandika 45.12. Mzunguko uliofuata nilipunguza breki kidogo pale nilipozoea kuogopa. Ikaandika 44.93.

Bi Yabuki alikuwa na karatasi ya muda mkononi. Alikwenda ukutani, akakigeuza kibao: Takemoto Fusae. Mbao ya upande ule ilikuwa bado nyeupe.

"Sita za mia za sekunde," Ogata alimwambia Genzo. "Umeponea chupuchupu, mzee."

"Angekuwa na kipindi cha nne, nisingepona."

Kabla ya kufunga, Bi Yabuki aliruhusu kila gari lizunguke polepole mara moja na abiria. Genzo alikaa kushoto kwangu, kiganja kwenye mlango. Kona ya tatu nilimpitisha kwa mwendo alioweza kuusikia.

"Linalala sana," akasema.

"Linalala."

Alisubiri mpaka tukatoka kwenye kona.

"Lakini linageuka. Liandike kwenye daftari, tundu la nje. Andika kwa mwandiko wako."