Kochi la Katikati

Alasiri moja ya mwaka 1971, walimu wa shule fulani ya Kiriaini walibeba makochi kutoka sebuleni kwa mwalimu mkuu, Simeon, wakayapanga ukumbini safu ya mbele. Mke wake, Wachuka, akayatandikia vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, maana Bwana DO, ofisa wa tarafa, alikuwa anakuja pamoja na Chifu Wahome, na huku kwetu mgeni wa heshima hakalii kitu kisicho na kitambaa. Wananchi waliwekewa mabenchi. Waliochelewa waliachiwa ukuta wa kuegemea.

Nyuma ya pazia, yaani mablanketi mawili ya bweni yaliyoshonwa pamoja, alisimama Kagure, binti wa Theuri. Alikuwa ameigiza tangu utotoni. Wamishonari walimpa nafasi ya malkia wa nchi ya baridi kali, akaitawala vizuri. Nairobi wakampa yaya na wajane, akalia jukwaani mpaka mabwana wakubwa wakapapasa mifuko kutafuta leso. Alikuwa hodari, na alijua. Lakini maneno yote yalikuwa ya watu wengine. Sasa alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe, juu ya wanawake waliolazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni, na yeye ndiye aliyeigiza nyanya yake, aliyefia humo.

Kabla pazia halijafunguliwa, wanawake wa handaki wakaingia. Walipita mlango mkubwa, majembe begani, matope hadi magotini, wakaketi kwenye makochi. Wote walikuwa wamekufa kabla ya uhuru. Wazee waliwatambua, wakawaamkia. Bwana DO alipofika akakuta pamejaa. Mwenye nguvu mpishe, husema watu, na siku hiyo aliyepisha ni serikali: DO alikaa benchi la watoto wa darasa la pili, magoti yakikaribia kidevu.

"Ati hata miguu hawakupangusa," Wachuka alimnong'oneza mumewe.

"Wametoka mbali," Simeon akasema. "Hiyo ni vitambaa tu. Utafua."

Kagure, akichungulia, aliona kwamba wamebanana wawili wawili ili kochi la katikati libaki wazi. Akajua ni la nyanya yake. Akaigiza jioni ile kwa jicho moja mlangoni. Nyanya hakuja.

Huyo nyanya naye aliitwa Kagure. Binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, na jina hilo si la kuitikia tu. Theuri alimwita mtoto wake Maitu, yaani mama, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hakuwahi kumchapa, maana ni nani amchapaye mamake? Nyanya alipokuwa handakini mashamba yalipimwa upya, na la kwake likaangukia upande wa Chifu Wahome, aliyelipanda chai. Theuri hakutarajia kurudishiwa. Alikuwa amezeeka, naye alitaka jambo moja kabla hajafa: amsikie Wahome akitamka kwa kinywa chake shamba lile lilikuwa la nani. Wahome kila mara alisema alinunua.

Mchezo ukazunguka Murang'a, ukaenda Kianyaga, ukapanda Nyeri, na kila mji wafu wake walikuja kujitazama. Waandalizi wakazoea kuazima makochi ya safu mbili, moja ya marehemu na moja ya serikali. Kagure akaandika michezo mingine, jina lake likabandikwa kwenye kuta za maduka, na Theuri akawa anasafiri kwenda kuyatazama tu hayo makaratasi. Lakini kila mahali kochi la katikati liliachwa wazi, na hilo lilimkereketa Kagure.

Nyeri ndiko alikompata Dawud wa Majengo, mpiga picha aliyekuwa na kamera ya sinema.

"Dada Kagure," Dawud alimwambia, "jukwaani unamsemea chifu. Twende tukampige filamu, ajisemee mwenyewe."

Wakamkuta Wahome barazani kwake, amestaafu, kofia kichwani.

"Hiyo shamba nilinunua," alisema mbele ya kamera.

"Kwa nani, mzee?" Kagure akauliza.

"Kwa mwenyewe. Hiyo ni mambo ya zamani. Zima hiyo kitu."

Filamu ikaonyeshwa Kiriaini, ukumbi ule ule. Wahome alikuja, maana alisikia uso wake utakuwa mkubwa kama ukuta. Wanawake wa handaki walikuwa wamekwisha kuketi, na mabenchini nyuma yao walikuwa Theuri na Bwana DO. Kagure alisimama nyuma kabisa, karibu na mashine ya Dawud.

Wahome wa ukutani alifungua kinywa. "Hiyo shamba nili..." Kisha akatazama chini, akawaona waliokaa mbele. Akavua kofia.

"Ulinunua kwa nani, Wahome?" aliuliza mmoja wao, jembe mapajani.

"Sikununua," akajibu kutoka ukutani. "Ilikuwa ya Kagure. Yeye alikuwa handaki, na mimi ndio nilikuwa nashika mnyororo ya kupima."

Ukumbi mzima ukamgeukia Wahome wa benchini. Alitikisa kichwa kukubali.

"Ndio vile ilikuwa," alisema. "Lakini hati iko na jina yangu."

Bwana DO alithibitisha kwamba hati ni hati.

"Nimesikia," Theuri akasema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Mimi nimesikia."

Yule mwanamke wa jembe akageuka nyuma. "Na wewe unasimama huko kwa nini? Hii kiti tumekuchungia miaka yote."

"Si ni ya nyanya?" Kagure akauliza.

"Kwani wewe ni nani? Kila siku tukikuja uko huko juu unafanya kazi."

Kinyozi hajinyoi. Kagure hakuwahi kukaa ukumbini kuitazama kazi yake mwenyewe, na leo kazi ilikuwa ukutani inajiendesha. Akapita katikati ya watu.

"Keti, Maitu," Theuri akasema.

Akaketi. Alijivuna, na hakuona haya. Filamu ilipokwisha, alikuwa na matope hadi magotini, na Wachuka akakikunja kitambaa chake akafue.

Asubuhi alipita mpakani mwa lile shamba. Wahome alimwona kutoka barazani, akasimama, akavua kofia, akamsogezea kiti chenye kitambaa.

"Karibu chai," alisema kwa heshima zote. "Ni ya shamba yako."

Kagure alikaa, akanywa. Ilikuwa chai nzuri. Mbele yao wachumaji walijaza vikapu, kisha wakavipeleka kupimwa kwa jina la Wahome, kama kawaida.