Feni ya Mwalimu Chepyegon

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kaplong, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama kitambaa. Nasema kile kitambaa cha kufuma, cheupe au cha rangi ya maziwa, ambacho kila nyumba ya heshima huku kwetu lazima iwe nacho. Kochi livalishwe, meza ivalishwe, redio ivalishwe, na kompyuta nayo, maskini, ivalishwe mpaka masikio. Mashine inakosa hewa, inachemka, feni inapiga mbio mchana kutwa, halafu naitwa mimi. Nikifika naambiwa eti ni virusi.

Mwalimu Aron Chepyegon alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa hata sijafungua duka.

"Shemeji Peverly! Hii kombyuta inapiga kelele kama posho mill. Alafu inasima yenyewe. Kuja haraka, harusi ni Jumamosi."

Jina langu ni Beverly, lakini kwa Mwalimu b na p ni mapacha, hatofautishi nani ni nani, na z humtoka s. Shemeji ananiita kwa sababu marehemu mkewe, Aoko, alikuwa binti wa watu wa ziwa kama mimi. Baba yake na baba yangu walichuma chai shamba moja, nyumba zao zikitazamana. Aoko alipoolewa na Mkipsigis, mimi na dada zangu wote tukawa mashemeji wa Mwalimu, tupende tusipende. Walioana, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakaishi kwa Kiswahili. Aoko alikuwa akimcheka matamshi yake mbele ya wageni, naye Mwalimu alikuwa akikosea zaidi makusudi ili achekwe.

Nilichukua boda nikashukia kituo cha kununulia majani ya chai, nikamalizia kwa miguu. Manyunyu yalikuwa hayajakoma tangu Jumapili. Chai ya Mwalimu imepandwa hadi karibu na mlango, kwa hiyo unafika umelowa magoti.

"Mgeni njoo, mwenyeji abone," akanikaribisha.

Mezani kulikuwa na bunda la karatasi za ratiba ya harusi, zimechapishwa vizuri, zina maua pembeni. Harusi ilikuwa ya Janeffer, mtoto wao wa pekee. Hata chai sijapewa, Mwalimu akanitolea ratiba moja.

"Soma namba saba."

Nikasoma. Namba saba: Neno la Mama wa Bibi Harusi. Nilinyanyua macho nikamtazama, maana Mama Janeffer tulimzika miaka mitatu iliyopita, na mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati ya chakula.

"Iko hapa ndani," akasema, akigonga kabati la sebuleni.

Ndipo akanieleza. Aoko alipougua koo, madaktari walimwambia ni lazima apasuliwe, na akipasuliwa hataongea tena. Walimpa wiki mbili za kujiandaa. Watu wengine wangelia wiki hizo zote mbili. Yeye alinunua maikrofoni ndogo, akakaa mbele ya kompyuta asubuhi nane mfululizo, akamwachia binti yake maneno ambayo mama humwambia mwanawe siku ya kumtoa. Janeffer wakati huo hakuwa hata na mchumba.

"Mimi nilikuwa nabonyesa tu, alafu natoka nje," Mwalimu akasema. "Alisema ni maneno ya wanawake. Akanikatasa kufungua mpaka siku ya harusi. Na mimi sijafungua."

"Hujawahi kusikiza hata kidogo?"

"Nilikatazwa, shemeji." Hapo z ilimtoka sawasawa kabisa. "Janeffer anajua. Ameambia watu wote. Anasema siku hiyo atakuwa na mama kama wasichana wengine."

Nikamwambia kuna njia rahisi: ning'oe diski, niende nayo dukani, niisome kwenye mashine nyingine, saa moja nimemaliza. Akakataa katakata. Alisema sauti ya mke wake haitatoka nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi kama nyama. Nilikunywa chai, nikafungua kabati.

Kompyuta ilikuwa ya zamani, lile sanduku zito jeusi, limesukumwa hadi mgongo ukagusa ubao. Na juu yake, kama nilivyojua, kitambaa. Kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Kilifumwa maua madogo madogo na herufi mbili za A katikati, na kiliteremka nyuma na mbele hadi chini. Kila tundu la kupitishia hewa lilikuwa limezibwa kwa mapenzi.

"Hii kelele ilianza lini?" nikauliza.

"Ah, siku mingi sana. Tulisoea."

Jibu hilo nililisikia nikalipita. Najilaumu mpaka leo, ingawa hata ningelishika lisingebadilisha kitu.

Nikaiwasha nione. Ilikaa kimya kidogo, kisha feni ikaanza kupanda, ikapanda, ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Kabla picha haijatulia kwenye skrini, ikazima, puu. Nikafungua skrubu nikatoa ubavu wa sanduku. Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana na nyuzi za pamba na masizi ya jikoni, limekuwa kama blanketi. Nikalitoa kwa brashi na mikono, nikapuliza mpaka nikapiga chafya. Kile kipande cha chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kunyonya joto kilikuwa kinacheza kama jino bovu, pini yake moja ya plastiki imevunjika. Grisi ya chini yake ilikuwa imekauka ikawa ukoko. Nikakwangua, nikapaka mpya, nikakifunga kwa waya wa plastiki mpaka kikatulia.

Nikaiwasha tena. Feni ilipiga kelele mara moja, ikashuka, ikashuka zaidi, ikanyamaza.

Mwalimu alishtuka. "Imekufa?"

"Imepona, Mwalimu. Iko hai hivyo hivyo, weka mkono huku nyuma usikie hewa."

Akaweka mkono. Alicheka, nikamwona mwanamume yule aliyekuwa akichekwa na Aoko mbele ya wageni. Halafu akaniambia nisiguse kitu, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amechana nywele.

"Tusikise moja tu," akasema. "Tujue iko. Atanisamehe."

Faili zilikuwepo, zote nane. Nilifurahi, nasema ukweli, nilifurahi kwa majivuno. Nikaunganisha spika, nikafungua ya kwanza.

Tulisikia kiti kikivutwa. Tukasikia jogoo. Kisha Aoko, karibu kabisa, kama yuko kwenye kochi: "Aron, imeshika? Nianze?"

"Ansa," ikasema sauti ya Mwalimu.

"Si ansa, wewe. Anza." Akacheka. Mlango ukafungwa. Akasafisha koo, ikamuuma, ukisikia unajua imemuuma. "Janeffer mwanangu," akasema.

Na feni ikaanza kupanda.

Ilipanda kama ilivyopanda asubuhi ile mbele yangu, hatua kwa hatua, mpaka ikajaa sebule yote. Chini yake kulikuwa na kitu kinachopanda na kushuka, ambacho lazima kilikuwa yeye.

"Peverly, hiyo feni imerudi," Mwalimu akasema. "Sima kwansa."

Nikatazama sanduku. Lilikuwa kimya. Nikaweka mkono nyuma ili nipate muda wa kufikiri, na hewa ilikuwa inatoka taratibu, ya uvuguvugu tu.

"Mwalimu, hii yetu imenyamaza. Hiyo unasikia iko ndani ya sauti."

"Ndani ya sauti aje?"

"Ni ya siku ile. Wakati mama anaongea, feni ilikuwa inaunguruma. Ilishikwa pamoja naye."

Hakuniamini. Alipiga magoti na koti lake la kanisani, akabandika sikio kwenye sanduku, akakaa hapo. Spika zilikuwa zinanguruma na sanduku liko kimya. Alipoinuka aliniambia tu nifungue ya pili.

Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu. Kila asubuhi walikuwa wanaiwasha mashine ikiwa baridi, na kila asubuhi ilimpa mama wa watu nusu dakika hivi kabla haijachemka. Ya tano ndiyo iliniumiza. Alianza haraka siku hiyo, akasema, "Janeffer, nikuambie kitu kimoja ambacho mama yangu hakuniambia," na hapo feni ikamfunika, ikamfunika kwa dakika ishirini na mbili.

"Maikrofoni aliweka wapi?" nikauliza.

Mwalimu akaonyesha juu ya sanduku, juu ya kitambaa. Waya ulikuwa mfupi.

Nilifanya ninalojua. Nina programu kwenye laptopu yangu ya kuchuja kelele, nikahamisha faili, nikakaa nazo mpaka saa tisa, chakula kikapoa pembeni. Nikipunguza feni, na yeye anapungua. Nikimwinua, feni inainuka naye. Nilichobaki nacho ni kama mtu anayeongea ameweka maji mdomoni. Mara moja nilidhani nimesikia "chumvi". Mwalimu akasema ni "chunga". Tulirudia pengine mara thelathini, na mwishowe hatukusikia hata moja kati ya hizo. Nilitaka kuitupa ile mashine huko nje kwenye michai. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yalikuwa mbele yetu ndani ya kikombe na hatukuweza kuyanywa.

"Kama mama angesikia hiyo kelele angesimamisha," nikasema, sijui nilimsemea nani.

"Hakuwa anasikia. Tulisoea, nimekuambia. Ukisoea kitu husikii." Akageukia sanduku. "Ni nini iliharibu?"

Kitambaa kilikuwa kwenye mapaja yangu. Sijui nilikiweka saa ngapi. Vidole vyangu vilikuwa kwenye zile A mbili.

Kila siku ya Mungu nawafokea watu kwa sababu ya vitambaa. Nimewafokea wachungaji, nimemfokea hata chifu. Siku hiyo maneno yote nilikuwa nayo, yamepangwa.

"Vumbi, Mwalimu," nikasema. "Ni vumbi tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Na vile Mama Janeffer alichukia vumbi. Hicho kitambaa alifuma mwenyewe, ndio vumbi isiingie."

Simu yake ikalia mezani, juu ya zile ratiba. Ilikuwa picha ya Janeffer, amesuka tayari. Mwalimu aliiangalia ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Akaigeuza kifudifudi.

Nikamwambia naweza kukata zile nusu dakika nane, nikaziunga pamoja, angalau watu wasikie sauti. Aliuliza watu mia tatu wakae kanisani wasikie "nianze, nianze, nianze", halafu wafanye nini? Akavuta bunda la ratiba, akatoa kalamu mfukoni, akaweka rula juu ya namba saba. Akapiga mstari ulionyooka, wa mwalimu. Akaiweka kando akachukua ya pili. Nilikaa nikimtazama mpaka karatasi ya ishirini hivi, kisha nikatoa kalamu yangu, nikaanza kutoka upande wa chini. Nje gari la kubeba majani lilipita likielekea kiwandani, matope yakilia chini ya magurudumu.

Tulipomaliza nilikusanya vyombo vyangu. Mwalimu aliinuka, akachukua kitambaa kwenye kiti nilipokiacha, akakikung'uta mlangoni. Akakitandaza juu ya kompyuta, akakivuta pembe zote nne zikalingana, mbele na nyuma. Mimi, Beverly, nilisimama hapo na mdomo wangu wote, nikamwacha.

"Kabla hujaenda," akasema, "nipigie ile ya kwansa. Mpaka pale tu mlango unafungwa."

Nikaifungua. Akavuta kiti karibu, akainamia spika, koti limefungwa vifungo vyote.

Kiti kikavutwa. Jogoo akawika.

"Aron, imeshika? Nianze?"

"Ngoja," Mwalimu akamwambia. "Ngoja kwansa, Aoko. Ngoja kidogo."

"Ansa," ikajibu sauti yake ya miaka mitatu iliyopita.