Uyoga wa Kikohozi cha Papa Julien

Kitendawili, wewe unayenisikiliza: sikio bila kichwa, limeng'ang'ania mti, halisikii hata likiitwa. Umeshindwa? Nipe mji. Bunagana? Haya, nimekula Bunagana pamoja na forodha yake. Jibu ni uyoga wa mti, ule mgumu, unaochomoza ubavuni mwa gogo kama kisahani.

Vumbi jeusi la volkano lilikuwa limelala mtaani kwetu Mabanga, juu ya mabati, juu ya nguo nilizoanika. Jirani yangu Kahambu, anayeniita Koko kama bibi yake, akaja akilikanyaga, kabeba uyoga ndani ya kitenge kama mutoto wa kubatizwa. Nyuma yake bwana yake, Papa Julien, akikohoa, kikombe mkononi, mvuke juu.

"Koko, nimechemsha kipande. Angalia kama ni ule wenyewe wa dawa, muzee anywe."

Wanachemsha kwanza, wanauliza baadaye! Nikaushika.

Ewe uyoga, geuka nikuone tumbo; mgongo wako unadanganya watu. Mgongo uling'aa kama kiatu cha padri siku ya Pasaka. Mgongo hautoshi. Tumboni sikuona mikunjo ya kurasa, niliona vitundu, vitundu vya ncha ya sindano. Vizuri. Nikakwaruza kwa ukucha, weupe ukageuka kahawia. Vizuri sana. Nikajaribu kuuvunja, ukanikatalia kama karani wa ofisi saa sita mchana.

"Basi ni dawa!" Papa Julien akainua kikombe.

"Shusha, muzee! Kahambu, uliukata kwa mti gani?"

Maana uyoga hula kile mti wake unachokula. Sura inaweza kuwa sawa, tumbo sawa, na chai ikakulaza kitandani wiki mbili.

"Muti ni muti, Koko."

"Mti gani?"

"Ulikatwa zamani."

"Wa kule mbali, Kibumba?"

"Hapana, ni hapa karibu tu."

"Mimi nakufa na kikohozi," akasema Papa Julien, "na nyinyi munafanya egzamen kama ya masomo!" Akapuliza mvuke mara moja, mara mbili. Midomo yake ikatafuta ukingo wa kikombe.

"Mti gani, Kahambu?"

Akainamisha kichwa. Akachora vumbini kwa kidole cha mguu, mstari, na mstari mwingine, hadi lile vumbi lililolala likaamka na kutufunika magoti sote watatu.

"Ni nguzo ya choo yako, Koko."