Pombe Nisiyoipika

Nilitoka mbio hata kitambaa cha kichwa nimekisahau. Shamba la marehemu mume wangu, Miskoom, limejaa watu na majembe, ngoma inalia, matuta ya viazi vikuu yanainuka. Jamani! Mimi sikumwita mtu. Na kwetu Wamernyang halimiwi mtu bure: unapika pombe ya mtama, ikiiva ndipo unawaita. Wakilima kisha wakaondoka na koo kavu, mwaka ujao utalima na kuku wako.

"Nani kawaita?" nikamuuliza Daboer, kiongozi wao.

"Shemeji, wenzako huwa wanauliza kama tumechoka."

"Sina pombe mie! Hata tone!"

Wakaangua kicheko. Daboer akapaza sauti: "Limeni, limeni! Ana utani shemeji huyu!"

Nilichanganyikiwa kabisa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeshafunga nguo zangu nirudi kwa baba, maana sina mtoto, na mjane asiye na mtoto atashikilia nini? Mama mkwe wangu, Napyen, hajanisemesha tangu tumzike mwanawe. Wiki nzima alikuwa akipika pombe, mlango kaufunga. Nikichungulia, ananifukuza kwa mwiko. Nikajua basi, anapika ya kuniaga, ukoo ukutane nirudishwe kwetu. Nililia mpaka macho yakavimba.

Sasa hawa nao wanamlimia nani? Nikawaza, labda shamba limeshapewa mtu, nami najiaibisha tu kuulizauliza. Nikawatazama wanaume mmoja mmoja. Ni huyu? Ni yule? Kila ninayemtazama ananichekea.

Jua lilipofika utosini, wanawake wakaja na mitungi kichwani, Napyen mbele, analalamikia mgongo wake. Akatua mtungi, akachota kata ikafurika povu. Watu wakaweka majembe chini. Ngoma ikanyamaza.

Kata ya kwanza hapewi mzee wala kiongozi. Mwenye shamba ndiye anayeonja, kisha wengine wanywe.

Napyen akainyoosha kuelekea nilipo. Nikasogea pembeni haraka, nimpishe huyo mwenyewe aliye nyuma yangu.

"We Naret, unakwenda wapi?" akafoka. "Mkono unaniuma. Onja, watu wa shamba lako wana kiu!"